Muhula Mmoja Nje ya Nchi: Mwanafunzi wa Tarime na Serengeti Ajipange Vipi

Mzazi wa Nyamongo akiambiwa kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda kusoma Ujerumani kwa muhula mmoja, swali lake la kwanza huwa ni ada. Jibu lake linatuliza moyo: katika utaratibu wa kubadilishana wanafunzi, ada ya chuo cha ugenini hailipwi. Kijana anaendelea kulipa chuoni kwake, iwe Dar es Salaam, Morogoro au Mwanza, na mwenzake wa kule analipa kwao, kisha kila mmoja anakaa kwenye nafasi ya mwenzake. Namba ya usajili haibadiliki na shahada atatunukiwa na chuo chake hapa nyumbani. Wala si kuahirisha masomo, kwa kuwa muhula ule unahesabika ndani ya miaka yake ya shahada.

Utaratibu huu unategemea uwiano. Wageni wakija tu na wenyeji wasiende, mkataba wa vyuo viwili unalegea, na nafasi ambazo zingekuwa za watoto wetu zinapotea bila mtu kuziomba. Jambo hilo linaniuma zaidi ninapoifikiria Mara, mkoa uliopokea wanafunzi wa dunia nzima kwa miongo mingi.

Mwaka 1965 Tony Sinclair alifika Serengeti akiwa bado anasoma shahada ya kwanza Oxford. Alikuja kusaidia utafiti wa ndege, lakini nyati na nyumbu ndio waliomweka. Nyumbu waliohesabiwa mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Ilipofika mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja. Kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa nje ya hifadhi, kwenye maboma ya wafugaji. Sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ilikuwa ikitoka kwa ng'ombe na kuua ndama wa nyumbu. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika porini pia. Elimu hiyo, inayofundishwa leo katika vyuo vya ikolojia ulimwenguni, ilichangiwa sana na kijana aliyeruhusiwa kutoka darasani kwao na kuja kuona mahali pengine.

Sasa tumgeuze msafiri. Chukua binti wa Robanda anayesomea usimamizi wa wanyamapori. Amekua akiona tembo wakimaliza shamba la mtama usiku mmoja, na anajua jinsi familia inavyosubiri kifuta jasho kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011. Mpeleke Trondheim, Norway, kwenye chuo ambacho watafiti wake wamefanya kazi Serengeti kwa miaka mingi. Huko atakuta wafugaji wa kondoo wanaolipwa na serikali wanyama wao wanapouawa na mbwa mwitu au dubu, na nao wanabishana na maofisa wao juu ya ushahidi wa mzoga. Akirudi nyumbani atakuwa na maswali ambayo mimi na wewe hatukuwahi kumfundisha.

Safari yenyewe huanzia kijijini, tena mapema. Pasipoti inaombwa kwa mtandao na kukamilishwa ofisi ya Uhamiaji. Ada yake ni shilingi 150,000. Kinachochelewesha watu wa Tarime mara nyingi ni karatasi za wazazi. Mwombaji anatakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa pamoja na cha mzazi, au hati ya kiapo pale cha mzazi kinapokosekana. Kwenye wilaya ya mpakani, ambako Wakurya wana ndugu upande huu wa Sirari na upande ule wa Isebania, ofisa ana sababu ya kuuliza baba alizaliwa wapi na babu alizikwa wapi. Basi mwanafunzi asingoje barua ya udahili. Akiwa likizo mwaka wa kwanza, akae na wazee waandike majina kamili, vijiji na miaka. Aangalie kama jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa linafanana herufi kwa herufi na lile la kitambulisho cha Taifa na cheti cha kidato cha nne. Marwa aliyeandikwa Mwita mahali pengine atatumia wiki nyingi kurekebisha, na ubalozi anakoombea viza uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tarime mjini.

Kuna jambo jingine linaloharibu safari nyingi zaidi, nalo halionekani mpaka mtu arudi: kozi kukataliwa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inapima kazi ya mwanafunzi kwa krediti, moja ikiwa saa 10 za masomo, na mwaka mzima una krediti 120. Ulaya mwaka una krediti 60, lakini kila moja ni saa 25 hadi 30. Kwa hiyo anayebeba mzigo kamili wa muhula kule, krediti 30, yaani nusu mwaka, anastahili kuhesabiwa 60 za kwetu. Hesabu hiyo peke yake haimlindi. Kama idara yake ina kozi ya lazima muhula ule na kule hakuna inayolingana nayo, ataisoma akirudi, pengine pamoja na darasa la nyuma yake.

Kinga ni mkataba wa masomo, karatasi inayotiwa saini na mwanafunzi na vyuo vyote viwili kabla ya safari. Upande mmoja zinaandikwa kozi za kule, upande wa pili kozi za hapa zitakazofidiwa nazo. Mwanafunzi asiridhike na neno la mdomo la mhadhiri. Aulize pia, kwa maandishi, kama alama za kule zitaingia kwenye GPA au zitaandikwa kama kufaulu tu. Akifika na kukuta kozi mojawapo haifundishwi, abadilishe mkataba wiki zile za mwanzo na si baada ya mtihani.

Kalenda nayo ina mtego. Muhula wa baridi wa Ujerumani huanza Oktoba na unakaribiana na wetu. Norway huanza muhula wa pili Januari, wakati vyuo vyetu vingi havijamaliza mtihani wa muhula wa kwanza. Asiyepanga mtihani maalumu mapema anaweza kuondoka akiwa na deni la masomo.

Kuhusu fedha, ada kusamehewa hakumaanishi kula bure. Tangu mwaka 2024 Ujerumani inamtaka mwanafunzi mgeni aoneshe uwezo wa euro 992 kwa mwezi. Ufadhili wa Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya, au wa chuo unaweza kubeba hilo. Familia isiuze ng'ombe kabla ya kusoma barua ya ufadhili mpaka mwisho: tiketi inalipwa kabla au inarudishwa baadaye, bima ya afya imo au haimo, fedha ya mwezi wa kwanza inaingia lini. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo amwone ofisa mikopo wa chuo kabla hajaondoka, maana bumu, yaani fedha ya kujikimu, hutoka baada ya kusaini.

Na nje ya nchi si lazima iwe Ulaya. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili kozi zitambulike kutoka nchi hadi nchi. Kuna vyuo Narok, Kisii na Kampala ambavyo mtu wa Tarime anavifikia kwa basi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aende ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chake sasa, aombe orodha ya mikataba iliyo hai na aulize ni nafasi ngapi mwaka jana zilibaki bila mwombaji.