CHOO KWANZA, MAKSAI BAADAYE



Watu wa Berega na vijiji vya jirani hutuuliza swali hili mara nyingi: "Nina ekari chache za majani nyuma ya shamba. Je, ninaweza kufuga maksai wawili wa nyama?" Jibu ni ndiyo. Lakini kabla ya kwenda mnadani na fedha mfukoni, kaa kwanza na jamaa yako, msome ukurasa huu pamoja.

Huenda utashangaa kuona habari za ng'ombe katika ukurasa wa afya. Sisi wa zahanati si mabwana mifugo. Lakini ng'ombe na mwenye ng'ombe wanaumwa na mbu wale wale, wanakunywa maji ya bonde moja na wanakanyaga udongo mmoja. Ugonjwa wa mmoja unaweza kuwa ugonjwa wa mwingine. Tena upo ugonjwa ambao mtu ndiye humpa ng'ombe, na ng'ombe humrudishia mtu. Huo tutaueleza kwa kirefu.

KWA NINI MAKSAI?

Maksai ni dume aliyehasiwa. Ni mpole, hatangitangi kufuata majike, na majani anayokula huenda kwenye mwili. Anza na wawili, kwa sababu ng'ombe hapendi kuwa peke yake. Ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu ni mdogo, lakini amezoea jua na majani makavu. Wako pia Borani, wanaofugwa katika Ranchi ya Kongwa, na aina ya Mpwapwa, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha huko Mpwapwa. Hao ni wakubwa zaidi, na wanataka chakula kingi zaidi.

Nunua dume kijana mwenye macho maang'avu, pua yenye unyevu na mwendo mzuri. Kukonda kwa sababu ya kiangazi si kosa, kwani majani yatamponya. Lakini anayekohoa, anayeharisha au aliyejitenga na wenzake mwache, hata kama bei yake ni ndogo. Dai hati ya mauzo na kibali cha kusafirisha. Ukifika nyumbani, mtenge na mifugo mingine kwa muda atakaokuambia afisa mifugo.

HESABU YA MAJANI NA MAJI

Tufanye hesabu. Maksai wa kilo 180 hula kiasi cha kilo 5 za majani makavu kwa siku. Maksai wawili hula kilo 10. Kiangazi chetu huchukua karibu siku 180. Kilo 10 mara siku 180 ni kilo 1,800. Kama robota moja lina kilo 15, basi unahitaji marobota 120. Je, unayo? Kama huna, usipigane na kiangazi. Nunua wakati mvua zimeshika na majani yameota, uza majani yanapoanza kukauka. Tuseme kila mmoja anaongezeka nusu kilo kwa siku: katika siku 150 ataongeza kilo 75. Hiyo ndiyo njia ya mwenye malisho madogo.

Ukitaka kuwaweka kiangazi kizima, kusanya mabua ya mahindi na maganda ya maharage mara baada ya mavuno. Panda majani ya tembo penye unyevu. Pumba na mashudu ya alizeti husaidia sana mwishoni, kabla ya kuuza. Usiwape mbolea ya urea kwa kubahatisha, maana ikizidi huua.

Maji nayo yapimwe. Maksai wawili wanahitaji kama madebe 3 kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Nani atayachota? Kama ni mama yule yule anayechota maji ya kupikia, basi mzigo wake umeongezwa. Semeni jambo hilo nyumbani kabla ya kununua. Tena ng'ombe wasinyweshwe mahali watu wanapochota. Kama mnachimba maji kwenye mchanga wa mto, wanyweshwe upande wa chini, watu wachote upande wa juu.

Malisho yawe na uzio wa miti au miiba. Wilaya yetu ya Kilosa inajua gharama ya ugomvi wa mashamba na mifugo. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Uzio mzuri hulinda majani yako, na hulinda amani yako na jirani.

TEGU: UGONJWA UNAOANZIA KICHAKANI

Sasa tuje kwenye ule ugonjwa tuliouahidi. Tegu ni mnyoo mrefu, bapa kama utepe, unaokaa ndani ya utumbo wa mtu. Unaweza kufikia mita kadhaa. Mwenye tegu huweza kuona vipande vyeupe, bapa, vikitoka na choo kikubwa au vikitambaa kwenye nguo. Vipande hivyo vimejaa mayai.

Mtu huyo akijisaidia kichakani, mayai hubaki kwenye majani. Maksai huyala pamoja na majani. Ndani ya ng'ombe mayai hutoa viluwiluwi vinavyosafiri hadi kwenye nyama: moyo, ulimi, taya na mapaja. Huko huwa vilengelenge vyenye maji, vidogo kama punje ya mbaazi. Mtu akila nyama hiyo mbichi au isiyoiva, tegu mpya humwotea tumboni. Baada ya miezi miwili au mitatu, naye huanza kutoa mayai. Duara limekamilika.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Ng'ombe hakujiletea ugonjwa huu. Aliuokota mahali mtu alipojisaidia. Na hasara yake ni mara mbili. Kwanza, mtu anaumwa tumbo na kugawana chakula chake na mnyoo. Pili, mkaguzi wa nyama akikuta vilengelenge vingi, nyama yote hutupwa. Kazi ya miezi mingi inapotea kwa sababu ya mtu mmoja asiyekuwa na choo.

Ndiyo maana tunasema choo kwanza. Wazee wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo lile halijazeeka. Chimba choo cha shimo, kiwe na kifuniko, kiwe hatua 30 au zaidi kutoka kisimani. Mchunga ng'ombe naye akitumie, na wanaokata majani pia. Nyama ipikwe mpaka wekundu uishe hata katikati ya kipande, hata ile ya kuchoma. Anayeona vipande vya tegu aje kituo cha afya bila haya. Dawa ipo, na huua mnyoo huo.

MNYAMA ALIYEKUFA GHAFLA

Mnyama akifa ghafla, fedha imekwenda, na moyo unasema, "Angalau tuokoe nyama." Hapo ndipo kifo kinapoingia nyumbani.

Kimeta huua ng'ombe haraka. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Mwite afisa mifugo, naye ataelekeza namna ya kumchoma au kumzika kwenye shimo refu. Vimelea vya kimeta huishi ardhini miaka mingi. Mtu aliyemshika mnyama kama huyo akaota kidonda chenye gaga jeusi katikati, kisichouma sana, aje siku hiyo hiyo. Kimeta cha ngozi hupona kikiwahiwa.

Homa ya Bonde la Ufa nayo hufuata mvua kubwa na mafuriko, mbu wanapozaliana kwa wingi. Mwaka 2007 ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 100 katika Tanzania, na mikoa ya Dodoma na Morogoro ilikuwa miongoni mwa ile iliyopigwa sana. Mtu huupata kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu. Mvua zikizidi na mifugo ikaanza kutupa mimba kwa pamoja, acheni kuchinja majumbani na toeni taarifa. Lala ndani ya chandarua.

Chanjo za mifugo zipo. Muulize afisa mifugo zipi zinatakiwa na lini. Wale wa upande wa Mikumi, karibu na hifadhi, waulize pia habari za mbung'o na nagana.

DAWA YA KUPE NI SUMU

Maksai wataogeshwa ili kuua kupe. Dawa hiyo ni sumu kwa mtu. Usiiweke kwenye chupa ya soda. Mtoto haulizi, hunywa. Usiitumie kuua chawa kichwani. Anayenyunyiza avae nguo ndefu, asimame upande upepo unakotoka, kisha aoge kwa sabuni. Mtu akiimeza, usimlazimishe kutapika. Mlete mbio kituoni pamoja na chupa ya dawa.

Ng'ombe aliyechomwa sindano asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Na aliyechomwa na pembe au mwiba wa uzio asikiosha kidonda kwa maji na sabuni akanyamaza. Aje aangaliwe habari ya chanjo ya pepopunda.

KUMBUKA

1. Chimba choo kabla ya kujenga zizi.
2. Hesabu majani na maji kabla ya kununua.
3. Zizi liwe mbali na nyumba na upande wa chini wa kisima. Samadi iende shimoni, kisha shambani.
4. Usile mzoga.
5. Funga dawa ya kupe mahali mtoto asipofika.

Mwisho, maksai wakiuzwa, baba na mama wakae pamoja kupanga fedha. Sehemu moja irudi kwenye ufugaji, na sehemu moja iende kwenye chakula cha watoto. Haifai mtoto wa mfugaji wa nyama awe na utapiamlo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kitongoji chetu, nyumba ngapi hazina choo? Wachungaji wetu hujisaidia wapi?
2. Ng'ombe wa jirani amekufa ghafla na watu wanakuja na visu. Utawaambia nini?
3. Maksai watatu wanahitaji marobota mangapi ya kilo 15 kwa siku 180?