Kabla Hujachoma Mkwanja, Fungua Kitabu: Salamu kwa Wana wa Gitting

Oya wana, hii dunia ya sasa inakutolea macho kila ukiwasha simu. Huku mkeka wa kubeti, huku meseji ya mkopo wa kausha damu, huku picha za masela wa mjini wanakula bata na viwalo vikali. Halafu ukitoka shambani na magunia yako ya maharage, dalali ndiye anataja bei. Ukienda dukani kuchukua mbolea, bei unatajiwa vilevile. Kuuza unatajiwa, kununua unatajiwa. Ukiwa na maisha ya hivyo, lazima uujue mchezo unavyochezwa, na mchezo wenyewe umeandikwa vitabuni. Kingine kimeandikwa kuhusu wilaya yetu hii hii ya Hanang.

Anza na stori ya nyumbani

Mwaka 1996 mwandishi Charles Lane alitoa kitabu kinaitwa *Pastures Lost*, kuhusu wafugaji wa Kibarabaig na malisho yao. Stori iko hivi. Mwaka 1969 serikali iliunda NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Kanada ikaja na msaada: matrekta, vipuri, wataalamu. Ngano ikaanzia Basotu, humu humu Hanang, ikatanuka hadi yakawa mashamba saba, jumla kama ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa na malisho bora ambayo wafugaji walipeleka ng'ombe msimu wake ukifika. Watu wakatimuliwa, njia za mifugo kwenda kwenye maji zikakatwa, na hata makaburi ya heshima ya wazee wa Kibarabaig yakapitiwa na jembe. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu miaka ya 80, halafu miaka hiyo hiyo kikabwagwa Mahakama ya Rufani.

Sasa kamata hapa, mwanangu. Aliyechukua ardhi ile hakuwa tajiri wa kutoka Ulaya mwenye kampuni yake. Lilikuwa shirika la umma, enzi za Ujamaa, miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ngano ikaenda kuwa mkate wa watu wa mijini. Vifaa vilitoka Kanada, kwa hiyo hela ya msaada nyingine ilirudi kule kule. Mfugaji wa Hanang hakuulizwa. Ndiyo maana nasema usidanganyike na jina la mfumo. Ukisikia neno maendeleo, uliza maswali matatu: nani kaamua, nani kapata, nani kapoteza?

Wakali wa Mlimani

Maswali hayo kuna watu waliyauliza mapema kinoma. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, aliandika kwenye jarida la wanafunzi la *Cheche* kwamba ndani ya Tanzania ya Ujamaa kuna mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Mwaka huo huo jarida likapigwa marufuku. Jamaa hakusanda. Mwaka 1976 akatoa *Class Struggles in Tanzania*, akionyesha jinsi wakubwa wa serikali wanavyoweza kugeuka tabaka lenye maslahi yake. Na mwaka 1991 Rais Mwinyi akampa uenyekiti wa tume ya kuchunguza masuala ya ardhi nchi nzima. Yule aliyezibwa mdomo ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kusikiliza vilio vya wanavijiji.

Chuo hicho hicho kilikuwa na Walter Rodney, mchizi wa Guyana. Kitabu chake *How Europe Underdeveloped Africa* kilitoka 1972, na Tanzania Publishing House ya Dar ilikuwa kati ya waliokichapa. Rodney anakuonyesha kwamba utajiri wa kule na umaskini wa huku vilitengenezwa kwa pamoja. Akauawa kwa bomu Georgetown mwaka 1980, akiwa na miaka 38.

Kiswahili kipo, usijitetee

Kama Kiingereza kinakuzingua, riwaya zipo na zinachoma. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa *Dunia Uwanja wa Fujo* mwaka 1975. Mle utamkuta Tumaini, kijana aliyerithi mkwanja, akautafuna kwa starehe mpaka ukakata. Baadaye anainuka tena kwa kilimo, Ujamaa unamkuta na mashamba yake, na mwisho wake ni kitanzi. Ukimsoma Tumaini utawaona washkaji wako kabisa, tena wengine bado wanaweza kugeuza.

*Kuli* ya Shafi Adam Shafi, ya 1979, inakupeleka bandarini Unguja kwenye mgomo wa makuli wa 1948. *Shetani Msalabani* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyoianza kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni akiwa gereza la Kamiti, ina matajiri wanaoshindana hadharani nani mwizi zaidi. Na *Makuadi wa Soko Huria* ya Chachage Seithy L. Chachage, ya 2002, inaichana enzi hii tunayoishi: wawekezaji, madalali wao, na vita ya kugombea delta ya Rufiji. Ukikisoma hicho baada ya stori ya Basotu, utaona mbinu ni zile zile, wamebadilika wachezaji tu.

Mchongo wenyewe

Sikwambii usivae vizuri wala usinunue simu kali. Vaa, pendeza, furahi, kijana ni kijana. Ila hela yako itoke kwa akili yako, isitoke kwa sababu tangazo limekuwasha.

Kwa hiyo tufanye hivi. Pale kijiweni mnapopaki boda, changeni jero jero mpate riwaya moja. Izungushwe kwa zamu, na jioni moja kwa wiki ipigwe stori ya sura moja. Aliyekomaa na Kiingereza amchukue Rodney au Shivji, awafafanulie wengine kwa lugha ya kitaa. Wazee wanaoikumbuka ngano ya Basotu bado wapo, wakaribisheni wawape yale ambayo vitabu havikuyaandika. Siku nyingine mradi ukiingia Hanang na ramani mkononi, mkutano wa kijiji ukute vijana wa Gitting wameshasoma, na wana maswali yao matatu tayari.