Ndoa imeshamjibia

Mwanamume mwenye mke, watoto na shamba la mpunga pale Idodi, mkoani Iringa, haulizwi anavutiwa na nani. Ndoa imeshamjibia. Ndiyo maana watu wanaovutiwa na wanaume na wanawake pia ni vigumu kuwaona. Akioa, tunamhesabu pamoja na waume wengine. Akisikika ana mpenzi wa jinsia yake, tunasema kumbe ndoa ilikuwa geresha. Huenda tumekosea mara zote mbili.

Mwaka 1948 mtafiti wa Marekani, Alfred Kinsey, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume na kuwapanga kwenye kipimo cha 0 hadi 6, maana maisha waliyomsimulia hayakuingia katika makundi mawili. Miaka 30 baadaye Fritz Klein, daktari wa magonjwa ya akili, alitenganisha mambo tunayoyachanganya: unayemtamani, unayelala naye, unayempenda, na jinsi hayo yanavyobadilika kwa miaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa mkewe hadi kaburini na mvuto wake ukabaki wa pande mbili. Mvuto peke yake si usaliti.

Anayedhani mambo haya yameshuka na watalii wanaopita kwenda hifadhi ya Ruaha aitazame Mombasa. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika makala yake ya mwaka 1987, alieleza watu wa mji huo walioingia kwenye uhusiano wa jinsia moja baada ya ndoa, na wengine waliotoka humo wakaoa au kuolewa. Cheo, mali na ukoo vilikuwa na uzito mkubwa katika heshima ya mtu.

Sheria yetu ya Tanzania nayo isomwe vizuri. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha miaka 30 hadi maisha, kinaadhibu tendo. Hakimtaji mtu kwa sababu ya anachokihisi. Hakimu anaijua tofauti hiyo, kijiwe hakiijui. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake binafsi. Hofu ilikuwa imeshasambaa.

Basi kujiweka wazi kijijini kuna maana gani? Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alijitangaza shoga Januari 2014, naye alikuwa na jina kubwa na marafiki dunia nzima. Hata hivyo maneno yake aliyaelekeza kwa mama yake aliyekwisha kufariki. Mtu wa Idodi, ambaye mwenyekiti wa kitongoji ni mjomba wake na muuguzi alisoma na dada yake, hana deni la kutangaza chochote. Kumwambia mtu mmoja anayetunza siri kunatosha, na sioni woga hapo.

Mwenza ni suala jingine. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kama una mpenzi mwingine, wa jinsia yoyote, afya ya mkeo au mumeo imeshaingia humo. Februari 2017 Wizara ya Afya ilizuia vituo 40 kutoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, wakiwemo wanaume wanaolala na wanaume. Nadhani uamuzi ule uliwafundisha wengi kumdanganya mhudumu wa afya.

Kupima pamoja hakudai maelezo: wanandoa huingia chumbani kama wanandoa, na majibu hayasemi nani alilala na nani. Mazungumzo mazito yaje baadaye, mbele ya mshauri asiye ndugu wa upande wowote, hata ikibidi kupanda basi hadi Iringa mjini. Mke naye apewe nafasi ya kuzungumza na mshauri huyo peke yake, na uamuzi wa kubaki au kuondoka uwe wake.