Msingi Kwanza, Mtambo Baadaye

Nchi inapopokea mitambo mipya ya viwanda, macho ya wengi huelekea kwenye chuma kinachoshushwa kutoka behewani. Ni wachache wanaoutazama udongo utakaokibeba chuma hicho, ingawa uhai wa kiwanda huutegemea.

Mfano ulio karibu ni Tororo, mashariki ya Uganda, ambako kiwanda cha saruji kilijengwa katika miaka ya 1950. Tanuri kubwa la saruji ni bomba refu la chuma lililolazwa kwa mteremko mdogo. Huzunguka usiku na mchana, likichoma mawe ya chokaa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Nguzo moja ikididimia, bomba hupinda, matofali ya ndani huanguka, na kazi husimama.

Kwa hiyo, kabla mtambo haujawasili, hapana budi udongo upimwe, mifereji ya maji ya mvua ichimbwe, na msingi ufike kwenye ardhi ngumu. Zege likishamwagwa huachwa likomae, na kwa kawaida nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Ndipo mtambo husimamishwa, husawazishwa, na kufungwa kwa boliti zilizozikwa ndani ya zege.

Kwa wenye haraka, siku hizo ni hasara. Lakini mtambo uliofungwa juu ya zege changa hutikisika na kulegea, na kuung'oa ili msingi ujengwe upya hugharimu miezi. Subira hiyo, basi, nayo ni kazi.