Chanjo za Kifua kwa Wazee wa Mpakani
Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hupokea foleni ndefu za malori yaendayo Zambia na Kongo, na maradhi yanayoenezwa kwa vitone vya kikohozi hayasubiri kugongewa muhuri wa pasipoti. Wazee ndio huumia zaidi, kwa kuwa kinga ya mwili, yaani uwezo wake wa kutambua na kushambulia vimelea, hufifia kadiri umri unavyosonga, hata mafua yakaweza kuishia kwenye nimonia, uvimbe unaojaza majimaji katika vifuko vya hewa vya mapafu.

Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani, waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, wenye maradhi sugu na watu wa miaka 50 na kuendelea. Kuchanja wazee kulikuwa jambo geni kwa kliniki zilizozoea watoto wachanga na mama zao. Chanjo ya watoto dhidi ya nimokoka, bakteria mkuu wa nimonia, huwakinga pia babu na bibi kwa kiasi, maana mjukuu aliyechanjwa huwabeba bakteria hao kwa nadra. Kinga hiyo ya kuazima, hata hivyo, haigusi virusi vya mafua makali, ambavyo hubadilika sura mara kwa mara na kudai sindano mpya kila mwaka.