Jinsi ya kupiga hesabu ya PAYE na VAT bila kupunjwa

WAFANYAKAZI wengi hupokea hati ya mshahara, wakasoma tarakimu ya mwisho, kisha wakaikunja na kuitia mfukoni. Wenye maduka nao humwachia mhasibu hesabu za ushuru na kungoja kuambiwa wanadaiwa kiasi gani. Wote hao wanaweza kupoteza maelfu ya shilingi kwa mwaka bila kujua, ilhali hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Somo hili si geni. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu hufundishwa ushuru wa mapato katika mada ya hesabu za biashara. Waliosoma zamani bado wanakumbuka majedwali yaliyoandikwa kwa pauni za Kenya, kila pauni ikiwa shilingi 20.

Hata hivyo, swali la mtihani humpa mtahiniwa jedwali pamoja na maelezo yote anayohitaji. Kazini na dukani, mtu hulazimika kutafuta mwenyewe kiasi kinachofaa kutozwa. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Kosa huwa si katika kuzidisha, bali katika kuchagua tarakimu ya kuanzia.

Mazoezi yafuatayo yametumia viwango vya mwaka 2025. Msomaji anashauriwa achukue kalamu na karatasi, ajaribu kila zoezi, kisha alinganishe na jibu.

Ngazi za PAYE

Ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mishahara, maarufu kama PAYE, hupanda kwa ngazi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 1, 2023, Sh24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10. Sh8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Kutoka hapo hadi Sh500,000 kiwango ni asilimia 30, kisha asilimia 32.5 hadi Sh800,000, na asilimia 35 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Baada ya kujumlisha ngazi zote, mfanyakazi hupunguziwa Sh2,400 kila mwezi kama nafuu ya kibinafsi.

Lakini kabla ya kupanda ngazi ya kwanza, kuna makato yanayopaswa kuondolewa. Mchango wa malipo ya uzeeni wa NSSF ni asilimia 6 ya mshahara, kwa mtu ambaye mshahara wake haukupita Sh72,000 mwaka 2025. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ni asilimia 2.75. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5.

Awali, ni NSSF pekee kati ya makato hayo iliyoondolewa kabla ya PAYE kukokotolewa. Sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 ilibadilisha mambo, na makato yote matatu sasa yakawa yanatolewa kwanza. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa kawaida, jumla yake ni asilimia 10.25 ya mshahara ghafi.

Zoezi la kwanza: Karani analipwa Sh50,000 kwa mwezi. Je, PAYE yake ni kiasi gani?

NSSF ni Sh3,000, SHIF ni Sh1,375 na ushuru wa nyumba ni Sh750. Jumla ni Sh5,125. Ukiondoa kiasi hicho kwenye Sh50,000, yanabaki mapato ya kutozwa ushuru ya Sh44,875.

Ngazi ya kwanza inatoa Sh2,400 na ya pili Sh2,083.25. Kiasi kilichosalia ni Sh12,542, ambacho kwa asilimia 30 kinatoa Sh3,762.60. Jumla ya ngazi zote ni Sh8,245.85. Toa nafuu ya Sh2,400, na PAYE inakuwa Sh5,845.85. Karani ataondoka na Sh39,029.15.

Sasa tuseme mwajiri alisahau kuondoa bima ya afya na ushuru wa nyumba kabla ya kupanda ngazi. Makato hayo mawili ni Sh2,125, nayo yangetozwa asilimia 30. Karani angekatwa Sh637.50 zaidi kila mwezi, sawa na Sh7,650 kwa mwaka. Hakuna tarakimu hata moja iliyozidishwa vibaya. Ni mwanzo tu uliokosewa.

Zoezi la pili: Mlinzi analipwa Sh26,000. Je, anafaa kukatwa PAYE?

Wengi watajibu kuwa anafaa, kwa sababu mshahara wake umepita Sh24,000. Lakini toa kwanza NSSF ya Sh1,560, SHIF ya Sh715 na ushuru wa nyumba wa Sh390. Yanabaki mapato ya Sh23,335. Asilimia 10 ya kiasi hicho ni Sh2,333.50, ambayo ni chini ya nafuu ya Sh2,400. Mlinzi huyu hadaiwi PAYE hata senti moja.

Mhasibu angeanza na Sh26,000, mlinzi angekatwa Sh500 kila mwezi, yaani Sh6,000 kwa mwaka. Kwa mtu wa kipato hicho, hizo ni fedha za kodi ya nyumba au karo. Ikumbukwe pia kwamba nafuu isiyotumika hairudishwi. Zile Sh66.50 zilizosalia baada ya ushuru wake kufutwa hazigeuki kuwa malipo kwake.

Zoezi la tatu: Mfanyakazi ana mapato ya kutozwa ushuru ya Sh32,333, yaani amesimama ukingoni mwa ngazi ya asilimia 30. Mapato hayo yakiongezeka kwa Sh1,000, je, atapata hasara?

Kuna imani iliyoenea kwamba nyongeza ndogo inaweza kumtumbukiza mtu katika kiwango kikubwa na kuumeza mshahara wake wote. Si kweli. Asilimia 30 hutozwa Sh1,000 zilizoongezeka pekee, yaani Sh300. Fedha zilizokuwa katika ngazi za chini hubaki zikitozwa kama awali, naye mfanyakazi hubaki na Sh700 za ziada.

Bei yenye ushuru ndani

Ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ulianza kutozwa nchini mwaka 1990. Huu hauna ngazi. Tajiri na maskini wanaonunua sabuni moja hulipa kiasi kimoja. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16, ingawa kilishushwa hadi asilimia 14 kati ya Aprili 1 na Desemba 31, 2020 wakati wa janga la corona.

Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya bidhaa zinazotozwa VAT yanafikia Sh5 milioni kwa mwaka hutakiwa kujisajili. Tangu hapo, yeye huwa mkusanyaji tu. Mlipaji halisi ni mnunuzi wa mwisho.

Zoezi la nne: Bidhaa inauzwa Sh1,160, VAT ikiwa ndani. Ushuru ni kiasi gani?

Anayezidisha 1,160 kwa asilimia 16 atapata Sh185.60, na atakuwa amekosea. Bei hiyo ina sehemu 116: mia moja ni za muuzaji na 16 ni za serikali. Kwa hivyo, gawanya 1,160 kwa 116, kisha zidisha kwa 16. Jibu ni Sh160. Asilimia 16 huzidishwa na bei ambayo bado haijaongezwa ushuru. Bei ikiwa tayari ina ushuru, ni sharti igawanywe.

Zoezi la tano: Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinunua shehena kwa Sh232,000 na kuiuza kwa Sh348,000. Bei zote mbili zina VAT ndani. Atawasilisha kiasi gani kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA?

Gawanya kila bei kwa 116 na kuzidisha kwa 16. VAT aliyokusanya kwa wateja ni Sh48,000, na aliyolipa aliponunua ni Sh32,000. Anawasilisha tofauti yake, yaani Sh16,000. Faida yake ni Sh100,000, ambayo haikuguswa na VAT.

Tuseme sasa kwamba alinunua bila kudai ankara halali iliyosajiliwa katika mfumo wa eTIMS. Hatakuwa na ushahidi wa kudai zile Sh32,000. Itambidi awasilishe Sh48,000 zote, na faida yake ishuke hadi Sh68,000. Karatasi moja iliyokosekana imemgharimu karibu thuluthi moja ya faida.

Zoezi la sita: Mteja analipa Sh894 katika duka la jumla. Amenunua unga wa mahindi wa Sh300, mikate ya Sh130, sabuni ya Sh348 na biskuti za Sh116. VAT katika risiti yake ni kiasi gani?

Kosa la kawaida ni kutafuta ushuru katika Sh894 zote, ambapo jibu huwa Sh123.31. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida umewekewa kiwango cha sifuri. Ushuru umo katika sabuni na biskuti pekee, ambazo jumla yake ni Sh464. VAT ni Sh64.

Mkate huu uliwahi kuzua mjadala mkali. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza utozwe asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, na baadaye Rais William Ruto akakataa kutia saini mswada wote mnamo Juni 26, 2024, kufuatia maandamano ya vijana. Kwa mkate wa Sh65, pendekezo hilo lingeongeza Sh10.40.

Aidha, kiwango cha sifuri si sawa na msamaha wa ushuru. Mwoka mikate mwenye usajili hutoza sifuri, lakini huruhusiwa kudai VAT aliyolipa aliponunua vifaa vya kazi yake. Mkulima anayeuza mazao ghafi yaliyosamehewa hatozi wala hadai chochote. VAT aliyolipa humkaa mwenyewe.

Mauzo si faida

Kwa wafanyabiashara wadogo, kosa la mwanzo linaweza kuwa ghali zaidi. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2023 iliweka ushuru wa asilimia 3 kwa mauzo ya biashara zinazoingiza kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka.

Zoezi la saba: Kioski kinauza bidhaa za Sh150,000 kwa mwezi. Baada ya kulipia bidhaa na kodi ya chumba, mwenyewe hubaki na Sh12,000. Ushuru wa mauzo ni kiasi gani?

Anayeanza na faida atapata Sh360. Lakini ushuru huu hupigwa kwenye mauzo, hivyo jibu ni Sh4,500. Zaidi ya thuluthi moja ya faida imekwenda, na ushuru ungedaiwa hata kama biashara ingepata hasara.

Kwa mwaka mzima, kioski hicho hulipa Sh54,000. Sheria, hata hivyo, humruhusu mwenye biashara kuiarifu KRA kwa maandishi kwamba hataki mfumo huo, ili alipie faida badala ya mauzo. Faida yake ya mwaka ni Sh144,000. Iwapo hana mapato mengine, atatozwa asilimia 10, yaani Sh14,400, kiasi ambacho humezwa chote na nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800 kwa mwaka. Hatadaiwa ushuru wa mapato.

Sharti lake ni kuweka hesabu safi na kutunza ankara za kila gharama, kwa kuwa gharama isiyothibitishwa huhesabiwa kama faida. Asiyeandika kitu hana njia ila kulipia mauzo.

Hatua za kuchukua

Mfanyakazi aliyegundua kasoro anapaswa kwanza kumwendea mwajiri na hesabu yake mkononi. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kutumika Julai 1 mwaka huo, ilimwekea mwajiri wajibu wa kuzingatia nafuu na makato yote yanayomhusu mfanyakazi kabla ya kukata PAYE. Aliyekatwa kupita kiasi anaweza pia kudai marejesho anapowasilisha ripoti yake ya mwaka kupitia iTax, akitumia fomu ya P9 anayopewa na mwajiri. Makataa ya ripoti hiyo ni Juni 30.

Mwajiri huwasilisha PAYE kabla ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata kupita, na ripoti ya VAT hutakiwa kufikia tarehe 20.

Viwango hubadilika, kwani kila mwaka Bunge hujadili mswada mpya wa fedha. Asilimia 16 ikishuka au ngazi za PAYE zikisogezwa, majibu ya mazoezi haya yatakuwa mengine. Utaratibu, hata hivyo, hautabadilika. Kabla ya kuzidisha chochote, mlipa ushuru anapaswa kujua iwapo kiasi kilicho mbele yake ni mshahara ghafi au mapato yaliyoondolewa makato, ni bei yenye ushuru ndani au isiyo nao, ni mauzo au ni faida.