AVC: Daktari aliyepeleka skaneri mlangoni kwa mgonjwa

Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kila dakika inayopita mgonjwa wa AVC, yaani kiharusi, hupoteza chembe za ubongo karibu milioni 1,9. Kwa kushindana na saa hiyo, Profesa Klaus Fassbender wa Homburg, Ujerumani, aliacha kumngoja mgonjwa hospitalini.

Tangu mwaka wa 2008, yeye na wenzake walitumia ambulansi yenye skaneri na maabara ndogo. Skaneri ni ya lazima: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwokoa aliyezibwa mshipa, lakini yaweza kumuua aliyepasuka mshipa. Tena kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Matokeo ya mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba, toka simu ya kuomba msaada hadi uamuzi wa matibabu, muda ulishuka toka dakika 76 hadi 35.

Gari hilo ni la bei kali. Lakini hatua ya kwanza haina bei: uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, jamaa waangalie saa, wasimpe aspirini, wamkimbize hospitali. Naye mwenye tansiyo asiache dawa zake.